Kijiti cha Mpeasi: Safari ya Tunda la Urithi hadi Campbelltown

Kila anayetafuna pera, awe Tanga, Mombasa au Ujiji, hutaja jina la tunda jingine bila kujua. Asili ya neno hilo ni Kireno, na kwa Wareno pera ni peasi. Jina lilivuka bahari likaangukia tunda lililofanana nalo kwa umbo, lenye kitako kipana na shingo nyembamba, likakaa hapo hadi leo. Tena kufanana hakuishii kwenye umbo. Tafuna pera polepole utasikia chembe ngumu zikisagika kama mchanga kwenye meno. Peasi la kale lina chembe hizo hizo, na wakulima wa Ulaya walihangaika karne nyingi kuzipunguza.

Peasi lenyewe lilichelewa kutufikia. Mti wake hudai miezi ya baridi ya kweli. Usipoipata haulali, na usipolala hauchanui vizuri. Ndiyo maana kwetu tunauona milimani tu: Lushoto kule Usambara, nyanda za juu za Njombe, Limuru nchini Kenya. Jamaa zetu walioko Oman wanaujua kutoka Jabal Akhdar, ambako hukua kwenye matuta ya mawe pamoja na mikomamanga, mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya bahari. Wengi wetu tulilitamka jina la tunda hili karne kadhaa kabla ya kulionja.

Makala haya yanalifuata peasi la urithi hadi mahali ambapo msomaji wa Kiswahili huenda asitarajie kufikishwa: Campbelltown, mji ulioko takriban kilomita 50 kusini-magharibi ya katikati ya Sydney, Australia. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika wilaya hiyo moja unaweza kuona hatua zote za maisha ya tunda la urithi, tangu meli iliyolileta, kitalu kilicholieneza na shamba lililolizaa, hadi mtaa wa nyumba uliolifunika. Ya pili inatuhusu zaidi: mipeasi iliyosafiri na walowezi wa mwanzo wa nchi ile ilipakiwa melini barani Afrika.

Mti usiorithishwa kwa mbegu

Kabla ya safari, tuujue mti wenyewe. Chukua peasi tamu, toa mbegu zake, zipande. Mche utaota na kukua, na baada ya miaka mingi utazaa. Lakini tunda utakalovuna halitakuwa lile ulilokula. Mara nyingi litakuwa dogo, gumu na lenye ukakasi. Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle, aliliandika jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: mbegu ya peasi bora humrudisha mkulima porini.

Sababu yake imo ndani ya ua. Kwa kawaida chavua ya mpeasi haiwezi kurutubisha maua ya mti ule ule, wala maua ya mti mwingine wa aina ile ile. Ni lazima itoke kwa aina nyingine inayochanua wakati huo huo. Kwa hiyo kila mbegu ni mtoto wa ndoa ya mbali, mwenye sura ambayo haijawahi kuonekana. Isitoshe, ua la mpeasi lina asali yenye sukari kidogo, na nyuki wakipata maua mengine jirani huliacha. Mkulima hupanda aina mbili au tatu karibu karibu, akaweka mizinga, akaomba hali njema ya hewa.

Basi aina moja inadumuje? Kwa kubebesha. Wakati wa baridi, mti ukiwa umelala, hukatwa kijiti cha ukubwa wa penseli chenye macho matatu au manne. Kijiti hicho huunganishwa na shina la mche mwingine, ganda kwa ganda, kikafungwa ili hewa isiingie. Vikishikana, kila kitakachoota juu ya kiungo ni mti ule wa zamani ukiendelea. Mtu akisema ana mpeasi wa aina iliyozuka mwaka 1770, anao mti ule ule wa 1770, uliohamishwa kutoka shina hadi shina.

Kiswahili kimetupa neno linalofaa hapa kwa maana zake mbili. Kijiti ni kipande cha tawi, na kijiti ndicho wakimbiaji wanachopokezana. Historia ya peasi la urithi ni historia ya kijiti kwa maana zote mbili. Kikiangushwa na mkono mmoja tu, na hakuna mwingine aliyekishika, aina hiyo imetoweka, na hakuna mbegu duniani itakayoirudisha.

Shina la chini nalo lina lake la kusema. Mpeasi ukibebeshwa juu ya mpeasi wa porini hukua mrefu, huchelewa kuzaa, na unaweza kuishi zaidi ya karne mbili. Waingereza husema apandaye mpeasi huwapandia warithi. Ukibebeshwa juu ya kwinsi, tunda la ukoo wa karibu, hubaki mfupi na kuzaa mapema. Lakini aina nyingine zinaikataa kwinsi, kiungo kinakatika kwa upepo. Mtaalamu hutia katikati kipande cha aina ya tatu inayokubaliana na pande zote mbili, mfano Beurré Hardy, nacho hufanya kazi ya mshenga.

Kukomaa na kuiva

Tabia nyingine ya peasi ina uzito kuliko zote, na msemaji wa Kiswahili huielewa haraka kwa sababu lugha yake inatenganisha kukomaa na kuiva. Peasi hukomaa mtini, lakini aina nyingi za Ulaya haziivi vizuri mtini. Zikiachwa, uivaji huanzia moyoni: ndani hugeuka rojo la kahawia wakati ngozi ingali ngumu, na zile chembe za mchanga huongezeka. Kwa hiyo peasi huchumwa likiwa limekomaa lakini bichi, likavumbikwa, kama bibi anavyovumbika mkungu wa ndizi. Aina za kuchelewa hutaka pia wiki kadhaa za ubaridi kabla ya kupelekwa kwenye joto la chumba. Mlaji hupima kwa kubonyeza taratibu karibu na kikonyo. Pakilainika hapo, tunda ni tayari, na kesho kutwa litakuwa limepita. Tunasema mvumilivu hula mbivu. Kwa peasi uvumilivu huanza baada ya kuchuma.

Ustadi huu ni wa kale. Homer aliutaja mpeasi kati ya miti ya bustani ya mfalme Alkinoo. Plinio wa Roma, katika karne ya kwanza, aliorodhesha takriban aina 40. Mashariki ya mbali, Wachina walikuwa na ukoo wao wa mapeasi, ya duara, yenye kuvunjika mdomoni kwa mlio, yanayoiva mtini. Lakini mapeasi ya zamani ya Ulaya yalikuwa mengi yao magumu, ya kupikwa na kukaushwa. Lile peasi linaloyeyuka ulimini kama siagi ni zao la karne ya 18 na ya 19, na kitovu chake ni nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Nicolas Hardenpont wa mji wa Mons alichagua miche kwa subira hadi akapata nyama laini isiyo na mchanga. Jean-Baptiste Van Mons akafuata, akaotesha makumi ya maelfu ya miche ya mbegu ili kupata machache ya kubakiza. Neno la Kifaransa beurré, lenye maana ya kilichotiwa siagi, likawa sehemu ya majina ya mapeasi, na Beurré Bosc inauzwa hadi leo katika maduka ya Australia.

Walimu wawili

Peasi tunalolielekea lina wazazi wawili, na kila mmoja ana mwalimu wa shule katika historia yake. Hilo linanigusa, kwa kuwa kazi ya mwalimu na kazi ya mbebeshaji ni ndugu.

Mzazi mmoja ni Uvedale's St Germain, peasi lililobeba jina la Dakta Robert Uvedale, mwalimu wa Enfield nchini Uingereza na mpenda mimea mashuhuri aliyefariki mwaka 1722. Ni tunda kubwa kupita kiasi, moja likiweza kupita kilo, gumu kama mbao. Halifai kuliwa bichi. Lilipendwa kwa kupikwa polepole na kwa sababu linadumu ghalani majira yote ya baridi.

Mzazi wa pili ni kinyume chake. Karibu mwaka 1770, katika kijiji cha Aldermaston mkoani Berkshire, mche ulijitokeza kwenye bustani ya mwalimu aitwaye Stair. Matunda yake yalikuwa ya manjano, yenye harufu nzito na maji yanayotiririka hadi kwenye kiwiko. Richard Williams, mwenye kitalu Turnham Green karibu na London, alichukua vijiti akavieneza, na jina lake likabaki: Williams' Bon Chrétien, yaani Williams Mkristo Mwema. Mwaka 1799 miche yake ilivuka Atlantiki hadi Massachusetts. Shamba ilikopandwa likanunuliwa mwaka 1817 na Enoch Bartlett, ambaye hakujua jina la miti aliyoikuta. Akaieneza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1828 miche mipya kutoka Ulaya ilionyesha kwamba Bartlett na Williams ni peasi moja, lakini majina yalikwisha kuota mizizi. Hadi leo Wamarekani wanakula Bartlett, na sehemu nyingi nyingine za dunia zinakula Williams.

Sifa zake ndizo zilizoifanya itawale. Huzaa kwa wingi, huwahi sokoni, na nyama yake haipotezi ladha ikitiwa kwenye kopo. Udhaifu wake ni mmoja: haikai. Ikishaiva, siku chache tu imekwisha. Aliyetaka kuuza mapeasi mbali alihitaji utamu wa Williams katika mwili wa Uvedale. Kitu hicho kilikuwa hakijazaliwa, na kilikuja kuzaliwa katika koloni la New South Wales.

Mizigo ya Rasi

Tarehe 13 Mei 1787, meli 11 ziliondoka Portsmouth chini ya Arthur Phillip zikiwa na wafungwa na askari wa kwenda kuanzisha koloni hilo. Kituo cha mwisho kabla ya bahari tupu kilikuwa Rasi ya Tumaini Jema, ambako zilitia nanga Oktoba na Novemba mwaka huo. Waholanzi walikuwa wamelima bustani pale tangu 1652. Katika bustani hiyo ya kampuni yao ya biashara, mjini Cape Town, ungalipo mpeasi wa aina ya Saffron unaosemekana kuwa wa siku zile za mwanzo, umeegemezwa kwa nguzo kama mzee aliyeshikwa mkono, na bado unachanua.

Phillip alinunua Rasini kila alichodhani kitaota: mitini, mizabibu, miwa, mianzi, kwinsi, mitufaha, mistroberi, na mipeasi. Alinunua pia mifugo. Januari 1788 mizigo hiyo ilishushwa Sydney, na miezi michache baadaye fahali wawili na majike wanne wa ng'ombe hao wa Afrika walipotea msituni. Walowezi waliokuwa karibu na njaa waliwalilia. Mwaka 1795 waliwakuta ng'ambo ya mto Nepean, wamekuwa kundi la ng'ombe wapatao 60, wanene, kwenye majani mazuri kuliko yote yaliyokuwa yamejulikana. Nchi ile ikaitwa Cowpastures, malisho ya ng'ombe, na ndiyo jirani ya Campbelltown ya leo.

Malisho yale hayakuwa mazuri kwa bahati. Ilikuwa nchi ya Wadharawal, wenyeji wa asili, walioitunza kwa moto wa kupimwa ili majani machanga yachipue. Waliwaona ng'ombe wale kabla ya mlowezi yeyote kuwaona huko, wakawachora kwa mkaa kwenye pango lililoko Kentlyn, mashariki ya mji, linalojulikana kama Bull Cave. Mkulima anayeandika historia ya matunda bila kulitaja pango hilo ameruka ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili ni wa damu. Tarehe 17 Aprili 1816 askari walivamia kambi ya Wadharawal usiku huko Appin, kusini kidogo ya hapo, na watu wasiopungua 14 wakauawa, wengine wakianguka kwenye genge. Gavana aliyewatuma, Lachlan Macquarie, ndiye aliyeuanzisha mji wa Campbelltown tarehe 1 Desemba 1820 na kuupa jina la ukoo wa mkewe, Elizabeth Campbell. Mashamba ya matunda ya wilaya hii yalisimama juu ya ardhi iliyopatikana hivyo.

Katika makaburi ya kanisa la St John mjini humo amelala James Ruse. Alizaliwa Cornwall, akaletwa kama mfungwa, na mwaka 1789 Phillip alimpa kipande cha ardhi karibu na Parramatta ili ijulikane kama mtu na jembe lake wanaweza kujilisha katika udongo ule. Aliweza, akamilikishwa ekari 30. Baadaye alipoteza karibu kila kitu, akamalizia siku zake kama msimamizi wa shamba la mtu mwingine huko Minto, akafariki mwaka 1837. Jiwe la kaburi lake alilichonga mwenyewe, kwa tahajia yake ya kienyeji, kueleza kwamba ndiye aliyepanda nafaka ya kwanza katika koloni. Hakuwa na shamba la kuacha. Aliacha ushahidi kwamba udongo unaitika ukifanyiwa kazi.

Kitalu ng'ambo ya mto

Udongo wa Campbelltown umetokana na tabaka la mwamba liitwalo Wianamatta: mfinyanzi mzito, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Miti mingi ya matunda huoza mizizi humo. Mpeasi ni mmoja wa michache inayoustahimili, kuliko mtufaha na kuliko mpichi. Asubuhi za Julai ni baridi na sakitu hutanda mabondeni, usingizi ambao mti unauhitaji. Mchanuo huja Septemba, na Williams huanza kuvunwa katikati ya kiangazi cha huko.

Aliyezifahamu hali hizo vizuri ni William Macarthur, aliyezaliwa mwaka 1800. Baba yake, John, alipewa maelfu ya ekari Cowpastures mwaka 1805 na akajulikana kwa kondoo. William alipenda mimea. Kwenye shamba lao la Camden Park, ng'ambo ya Nepean, alianzisha kitalu ambacho orodha zake za mauzo zilichapishwa mwaka 1843, 1845, 1850 na 1857. Miti ya matunda ilikuwa humo pamoja na mizabibu na maua.

Bahati ilimwangukia pia. Nathaniel Ward, daktari wa London, alikuwa amegundua kwamba mche ukifungiwa ndani ya sanduku la kioo hujinywesha kwa jasho lake. Jaribio kubwa la kwanza, mwaka 1833, lilikuwa la masanduku mawili yaliyotumwa Sydney, yakafika na mimea hai. Kabla ya hapo miche mingi ilikufa njiani kwa chumvi na kiu. Baada yake, kijiti kilichokatwa Ulaya kiliweza kufika Camden na kuendelea na maisha.

Kwa miongo kadhaa Campbelltown yenyewe iliishi kwa ngano, na vinu vyake viliilisha Sydney. Reli ilifika mwaka 1858. Kisha, katika miaka ya 1860, kutu ya ngano ilishambulia mashamba mwaka baada ya mwaka hadi wakulima wakakata tamaa. Wengi walihamia kwenye ng'ombe wa maziwa, maziwa yakipanda treni alfajiri. Wengine walihamia kwenye matunda, na mwishoni mwa karne familia zilifyeka miinuko ya Wedderburn kufungua mashamba ya matunda. Karibu na nyumba nyingi za mashambani ulisimama mpeasi mmoja au miwili, mirefu, ya kuliwa na wenyeji, kwani mti huo hauombi mengi ukishashika.

Tunda la mzee Packham

Jibu la tatizo la Williams lilipatikana upande wa pili wa milima, Molong, magharibi mwa New South Wales. Mwaka 1896 mkulima Charles Henry Packham alichukua chavua na kuzioanisha aina mbili, Uvedale's St Germain na Williams' Bon Chrétien. Mkulima wa kawaida angesubiri bahati imwangukie kama ilivyomwangukia mwalimu Stair. Packham alichagua wazazi kwa kujua alitafuta nini. Miongoni mwa miche iliyoota, mmoja ulizaa tunda ambalo dunia inaliita Packham's Triumph, ushindi wa Packham.

Lishike mkononi uone jinsi wazazi wote wawili wanavyoonekana. Umbo lake si laini. Lina mafundo na mabonde, na kitako kilichotutumka, ukumbusho wa Uvedale. Ngozi ni ya kijani, yenye mabaka ya kutu karibu na kikonyo, na huelekea manjano hafifu linapoiva bila kuwa dhahabu kama Williams. Likate: nyama ni nyeupe, yenye maji mengi na chembe chache za mchanga, tamu na yenye harufu, ingawa harufu hiyo haivuki chumba kama ya Williams. Huvunwa baadaye, kuelekea Machi. Na kwenye ghala baridi, karibu na nyuzi sifuri, hukaa miezi mingi likingoja, kisha likiletwa kwenye joto la jikoni huiva kana kwamba limechumwa juzi. Utamu umetoka kwa mzazi mmoja na uvumilivu kwa mwingine.

Uvumilivu huo uliibadilisha biashara. Meli zenye mashine za ubaridi zilikuwa zimeshaanza kuvuka bahari, na hapa palikuwa na peasi la kuvuka nazo. Kitovu cha kilimo chake kilihamia Goulburn Valley, jimbo la Victoria, penye maji ya umwagiliaji. Ndiko mapeasi mengi ya Australia yanakotoka leo, Packham na Williams yakiongoza. Mashamba madogo yaliyozunguka Sydney hayakuweza kushindana. Ushindi wa Packham ulikuwa pia mwanzo wa kuisha kwa shamba dogo la mipeasi kumi na miwili ya aina kumi na mbili.

Mji unapokua

Mwaka 1968 mpango mkuu wa Sydney uliitaja Campbelltown kuwa mahali pa kupanuliwa, na mpango wa mwaka 1973 ukauchora kuwa mji mpya. Malisho na mashamba yakapimwa viwanja. Leo wilaya ina watu zaidi ya 170,000, wakiwemo wahamiaji kutoka pande zote za dunia. Watu walihitaji pa kulala, na sitaki kuomboleza nyumba za watu. Ninachoomboleza ni jinsi tingatinga linavyofanya kazi: halitofautishi kichaka na mpeasi ambao ndio pekee wa aina yake uliobaki. Mti wa miaka 120 huanguka asubuhi moja, na jina lake linaanguka nao, maana aliyelijua alikufa au alihama.

Kando ya mji, Mount Annan, iko bustani ya mimea ya Australia iliyofunguliwa mwaka 1988, na ndani yake PlantBank, hazina iliyofunguliwa mwaka 2013 ambako mbegu za mimea asilia hukaushwa na kugandishwa ili ziishi miongo mingi. Ni kazi adhimu. Lakini njia hiyo haiwezi kuuokoa mpeasi wa urithi, kwa sababu mbegu yake itahifadhi mpeasi wowote isipokuwa ule ulioutaka. Huu unahitaji mti ulio hai na mtu aliye hai, wote wawili kwa pamoja.

Hata kijiti chenyewe kina hatari yake. Iko bakteria iliyotokea Amerika Kaskazini ambayo hulifanya tawi la mpeasi lionekane limeunguzwa kwa moto, na inaweza kuumaliza mti mzima kwa msimu mmoja. Mwaka 1997 ilionekana katika bustani ya mimea ya Melbourne, ikang'olewa kabla ya kuenea. Australia inalinda mipaka yake dhidi ya bakteria hiyo kwa ukali. Camden Park, palipokuwa na kitalu cha Macarthur, pana sasa taasisi ya kilimo ya serikali ya jimbo yenye jina la mama yake William, Elizabeth Macarthur, na kazi yake kubwa ni kuchunguza magonjwa ya mimea na mifugo. Zamani mahali hapo palipokea vijiti vya ng'ambo kwa mikono miwili. Siku hizi kijiti cha ng'ambo hupita karantini kwanza. Kwa hiyo aina zilizomo nchini ndizo akiba iliyopo, na inayopotea haiagizwi kirahisi.

Kurudi Rasini

Safari ya kijiti haikuishia Sydney. Packham's Triumph lilivuka Bahari ya Hindi kurudi upande ule mipeasi ya Phillip ilikotoka. Leo ni moja ya aina kuu za mapeasi katika mabonde ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, na husafirishwa hadi masoko ya Afrika na Ghuba. Peasi la kijani lenye mafundo, lililopangwa kwenye rafu ya duka Nairobi au Dar es Salaam, linaweza kuwa ndilo. Uvedale wa Enfield, Stair wa Aldermaston, na mzee wa Molong wamo ndani yake, na mbegu zake kumi hivi hazimjui hata mmoja wao.

Somo hili halihitaji mpeasi ili litufae. Embe dodo, bolibo na ngowe, ambazo wazee wa pwani walizitambua kwa harufu gizani, zinakatwa kupisha majengo, na miembe ya kisasa ya soko moja inapandwa mahali pao. Migomba ya Kilimanjaro na Bukoba inarithiwa kwa machipukizi, mkono kwa mkono, kama kijiti cha peasi. Nyumba ikikosa mtu wa kung'oa chipukizi na kumpa jirani, jina linakufa na ladha yake. Mwembe wa ua wa bibi yako una jina. Muulize leo. Kisha, msimu ukifika, mtafute anayejua kubebesha, mkate kijiti, mkifunge kwenye gazeti lililolowa maji, na mkikabidhi kwa mtu mdogo kuliko nyinyi, mkimwambia jina lake na mahali kilipotoka.